Viatu vya Shule Vilivyochafua Soksi: Uchambuzi wa Kisa cha Rangi ya Nyumbani Iliyokataa Kushika

Usuli

Kisa hiki kinahusu jozi moja ya viatu vya ngozi vya mtoto wa shule ya msingi katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, ambavyo vilinunuliwa vikiwa vya kahawia na kutiwa rangi nyeusi nyumbani. Jina la mji, la shule na la familia nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha. Mimi ni fundi viatu, na viatu hivyo vilifika mezani kwangu baada ya kupita mikononi mwa watu watatu, kila mmoja akiwa ameongeza dawa yake juu ya dawa ya mwenzake.

Shule nyingi za kwetu hudai viatu vyeusi na soksi nyeupe. Viatu vya mtumba vyeusi vya saizi ya mtoto hugombaniwa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa Januari, na bei yake hupanda, ilhali vya kahawia hubaki vimening'inia kambani bila mnunuzi. Mama wa mtoto huyu aliona viatu vya kahawia vya ngozi halisi, vyenye soli iliyoshonwa na bitana ya ngozi, kwa bei isiyofika hata nusu ya vile vyeusi vya ngozi bandia vilivyokuwa pembeni yake. Aliviona kwa jicho zuri, kwani viatu vile vingeweza kumfikisha mtoto mwisho wa mwaka. Kosa lilikuja baadaye, tena si kosa moja.

Jinsi viatu vilivyotiwa rangi

Rangi aliyoitumia ilikuwa ya unga ulioyeyushwa katika spiriti, ile inayouzwa na mafundi wa barazani katika vichupa vidogo. Rangi nyeusi za aina hii mara nyingi hutokana na nigrosini, ambayo ndiyo pia hutia weusi katika kiwi nyingi, na ikiwa nyembamba huonekana ya samawati au zambarau kuliko nyeusi. Jambo hilo litakuwa na maana tutakapofika kwenye soksi.

Ijumaa jioni mama aliviosha viatu kwa sabuni na maji, akaviweka kivulini kwa muda wa saa mbili, kisha akaanza kupaka kwa mswaki mkuukuu. Ubavuni rangi ilinywewa vizuri, lakini sehemu ya mbele, inayofunika vidole, ilikusanyika vitone vitone kama maji juu ya jani la mgomba, na ukahawia ukaendelea kuchungulia. Akapaka mara ya pili, ya tatu na ya nne, na mara hiyo ya mwisho hakupaka bali alimimina kidogo kidogo na kusambaza. Alipotazama mdomo wa kiatu, akaona ukingo wa kahawia ndani ya kisigino na kwenye ulimi, akauona haupendezi, akapaka na ndani pia, karibu kufika kwenye soli ya ndani. Jumamosi nzima viatu vilianikwa juu ya bati la jiko kwenye jua kali. Jumapili vilipakwa kiwi nyeusi ya maji na vikang'aa hata baba wa mtoto akauliza vimenunuliwa duka gani.

Wiki ya kwanza na dawa za nyumbani

Jumatatu jioni soksi zilirudi na pete ya zambarau kuzunguka kifundo cha mguu, kisigino cheusi kabisa, na madoa juu ya vidole. Mtoto alikuwa ameshika kiatu alipokuwa akifunga kamba, kisha akajifuta kwenye shati. Siku iliyofuata mwalimu wa zamu alimtoa mstarini kwa sababu ya soksi chafu, na mama akaanza kutafuta ushauri.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa jirani, bibi mmoja aliyewahi kufanya batiki, ambaye alisema rangi yoyote inayochuja hufungwa kwa chumvi na siki. Viatu vikasuguliwa kwa kitambaa kilicholowa mchanganyiko huo. Kitambaa kilikuwa cheusi, jambo lililomfanya mama aamini kwamba dawa inafanya kazi, lakini viatu vilipokauka vilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi kwenye mishono, na soksi za siku iliyofuata hazikuwa na tofauti yoyote.

Ushauri wa pili ulikuwa kupaka kiwi nyingi zaidi, safari hii ile ya kopo, ili nta yake ifunike rangi. Hali ilizidi kuwa mbaya, na mikono ya mtoto sasa ikawa na weusi wenye mafuta usiotoka kwa sabuni ya kawaida. Ushauri wa tatu ulitoka kwa seremala, ambaye alipaka vanishi ya mbao inayopitisha mwanga. Kwa siku moja na nusu ilionekana kwamba tatizo limekwisha, kwa maana nje ya viatu haikuambukiza kitu tena. Siku ya tatu vanishi ilipasuka mahali kiatu kinapokunjika nyuma ya vidole, ikaanza kubanduka vipande vipande, na kila kipande kikaondoka na weusi wake. Katika siku zote hizo, ikiwemo ile moja na nusu ya matumaini, soksi ziliendelea kuchafuka vilevile, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Uchunguzi mezani

Mama alipoleta viatu alisema neno lililonisaidia kuliko alivyodhani: "Fundi, nje siku hizi mbili vilitulia. Soksi ndizo zinazonitia aibu." Nikamwomba, "Mama, niletee na soksi zenyewe, usizifue." Siku hizi siku zote naomba soksi, kwa sababu soksi chafu ni ramani ya kiatu.

Doa la juu ya vidole haliwezi kutoka nje ya kiatu, kwa kuwa soksi ya vidole haigusi nje hata kidogo. Doa la kisigino vilevile. Pete ya kifundoni inaweza kutoka kwenye ukingo wa mdomo wa kiatu. Doa pekee lililoonyesha nje kuwa mkosaji lilikuwa lile la juu kidogo upande wa ndani wa mguu, mahali ambapo kiatu cha mguu mmoja hugusa soksi ya mguu wa pili mtoto anapotembea au anapokaa amekunja miguu, na doa hilo lilikuwa jepesi kuliko yote. Hivyo dawa tatu zilizopakwa nje zilikuwa zikitibu sehemu ndogo ya ugonjwa, na sehemu kubwa ilikuwa ndani, ambako hakuna aliyegusa tangu siku ya kupaka rangi.

Baada ya hapo nilifanya jaribio la kusugua. Viwanda vya ngozi vina mashine ya kazi hiyo, na utaratibu wake umeandikwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 11640: kipande cha felti nyeupe husuguliwa juu ya ngozi mara kadhaa, kikiwa kikavu au kimeloweshwa, kisha doa lake hulinganishwa na vipimo vya kijivu kuanzia 1 hadi 5, ambapo 5 ni kwamba hakuna kilichohamia. Karakana yangu haina mashine hiyo. Nilivisha kidole kitambaa cheupe cha pamba na kusugua misuguo 10 ya kwenda na kurudi, nikibadilisha kitambaa kwa kila mahali, kwanza kikavu, kisha chenye unyevu, kisha chenye spiriti kidogo.

Mbele ya kiatu, pale vanishi ilipobanduka, kitambaa kikavu kilikuwa cheusi kwa msuguo wa kwanza. Ubavuni kikavu kilitoka kijivu tu. Ndani ya kisigino kitambaa kikavu kilitoka cheusi, na chenye unyevu kilitoka zambarau iliyolowa kabisa, kama mtu aliyepangusa wino. Kitambaa cha spiriti kilitoa rangi kila mahali. Hilo halikunishangaza, lakini lilinipa habari moja ya lazima: rangi hii ilikuwa bado tayari kuyeyuka katika spiriti, kwa hiyo chochote nitakachopaka juu yake kisiwe na spiriti wala thina.

Mwisho niliweka tone la maji. Ubavuni lilizama mara moja. Mbele, hata baada ya kukwangua vanishi ya mbao kwa ukucha, lilikaa limeviringika kwa dakika kadhaa. Chini ya rangi ya mama kulikuwa bado kuna utando wa kiwandani, yaani ule mpako mwembamba ambao kiwanda humalizia ngozi ili ing'ae na isinywe maji. Sabuni haiuondoi. Rangi yote ya sehemu ya mbele, mipako minne, ilikuwa imelala juu ya utando huo kama vumbi juu ya kioo.

Uamuzi na sababu zake

Kulikuwa na njia tatu mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa kumwambia mama aviache viatu anunue vingine, na sikuiondoa mezani kwa sababu ya heshima ya ufundi tu, kwani muda wa fundi nao una thamani. Ya pili ilipendekezwa na kijana ninayefanya naye kazi, naye alitaka tupake rangi nzito ya akriliki nje na ndani ili ifunike kila kitu. Rangi ya akriliki haizami ndani ya ngozi, hukaa juu na kujishika kwa utando wake, na ndiyo inayotumika kubadilisha rangi ya raba. Hoja yake ilikuwa nzuri kwa kiatu kisafi. Kwa kiatu hiki ingekuwa ni kujenga nyumba juu ya mchanga, kwa sababu chini yake kungekuwa na unga wa rangi usioshika, mabaki ya nta ya kiwi, na vipande vya vanishi, na mpako wa juu hushika kwa nguvu ile tu ya kitu kilicho chini yake.

Tulichagua ya tatu: kutoa kila kitu kisichoshika, kurudisha rangi kidogo pale tu inapohitajika, na kufunga mwishoni kwa vanishi ya ngozi ya maji. Kwa upande wa ndani tuliamua kutoa rangi kadiri inavyotoka na kutorudisha hata tone, hata kama ukingo ungebaki na madoa ya kahawia na zambarau. Mama hakupendezwa na hilo. Nilimweleza kwamba mwalimu hukagua soksi, wala hachungulii ndani ya kiatu, akacheka na kukubali.

Kazi yenyewe

Kazi ilichukua siku tano, nyingi zikiwa za kusubiri. Vanishi ya mbao na utando wa kiwandani wa sehemu ya mbele tuliviondoa kwa asetoni iliyolowesha pamba kidogo, tukifanya kazi nje kwenye upepo, mbali na jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani, kwa kuwa mvuke wa asetoni na wa spiriti hushika moto kwa cheche moja. Pamba ilipapaswa kwa mwendo mmoja na kutupwa, haikurudiwa, maana pamba chafu hurudisha kile ilichokitoa. Tulijua tumefika pale tone la maji lilipozama mbele kama lilivyozama ubavuni.

Kisha tulifuta kiatu chote nje kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mara saba kwa hesabu yangu, mpaka kitambaa kilipotoka na kijivu badala ya weusi. Mtu asiyezoea huogopa hatua hii kwa sababu anaona anatoa rangi aliyoilipia. Kinachotoka ni ziada. Nyuzi za ngozi zina kiasi zinachoweza kunywa, na kinachozidi hapo hukauka juu kikawa unga, ambao ndio unaohamia kwenye kidole na kwenye benchi la darasa.

Sehemu ya mbele ilibaki na weusi wenye mabaka. Tulichanganya rangi ileile ya spiriti sehemu moja kwa spiriti tupu sehemu moja, tukapaka mipako miwili myembamba, wa pili ukiukata wa kwanza kwa mwelekeo, kwa kipande cha sifongo badala ya mswaki. Tuliacha saa 24 kivulini. Kivuli hapa kilikuwa cha makusudi, kwani jua kali hukausha juu haraka na kuiacha ngozi ya ndani na unyevu wa kiyeyushi. Suala la kukauka kikamilifu si la urembo tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ufaransa na Marekani waliandika juu ya watu, wakiwemo watoto, waliougua na midomo yao kuwa ya samawati baada ya kuvaa viatu vilivyotiwa rangi vikiwa bado vibichi, kwa sababu rangi za wakati ule zilikuwa na anilini au nitrobenzini ambazo hupenya kwenye ngozi ya mguu. Rangi ya kichupa cha barazani haina karatasi ya kueleza kilichomo, kwa hiyo mimi simruhusu mtoto avae kiatu chenye harufu.

Baada ya saa hizo tulisugua kwa brashi ya manyoya, kisha kwa fulana kuukuu, kisha kwa kitambaa chenye unyevu, na kurudia hadi kitambaa kikavu kilipotoka kisafi. Hatukupaka mafuta ya nazi wala ya kupikia, ingawa ngozi ilikuwa imekauka kwa spiriti na mama alipendekeza hivyo, kwa sababu mafuta ya namna hiyo hukaa ndani, huchacha, na huzuia vanishi isishike. Tulipaka dawa ya kulainisha ngozi isiyo na rangi, kiasi cha ncha ya kidole kwa kila kiatu, na kuiacha usiku mmoja.

Vanishi tuliyotumia ni ya akriliki ya maji, ile yenye rangi ya maziwa ambayo hukauka ikawa utando laini unaokunjika pamoja na ngozi. Tuliipunguza sehemu moja kwa sehemu moja ya maji na kupaka mipako mitatu, tukisubiri kila mmoja ukauke hadi usinate kidoleni. Kabla ya mpako wa mwisho tulikunja kiatu kwa mikono mara nyingi pale kinapokunjika, ili kama kuna mahali pa kupasuka papasuke mbele yetu.

Ndani tulifuta bitana kwa spiriti hadi mikono ikachoka. Rangi ilipungua sana lakini haikwisha, kwa kuwa bitana ilikuwa ngozi tupu isiyo na utando wowote, na ngozi tupu hunywa kama kitambaa. Tukapaka mipako miwili ya vanishi ileile, tukabandika kipande cha ngozi nyembamba ya mbuzi, yenye rangi yake ya asili, kisiginoni, na tukaweka soli mpya ya ndani.

Matokeo

Katika jaribio la misuguo 10, nje ilitoka safi kwa kitambaa kikavu na kijivu hafifu kwa chenye unyevu. Nilimwomba mama amvalishe mtoto viatu hivyo nyumbani jioni mbili na soksi kuukuu kabla ya kwenda shule, ili jasho lijaribu kile ambacho kidole changu hakikuweza kujaribu. Jioni ya kwanza soksi zilikuwa na kivuli kisichoonekana ila karibu na taa, na ya pili hazikuwa na kitu.

Majuma yaliyofuata yalikwenda vizuri, ila kiatu cha kushoto kilikuwa kikiacha mstari mwembamba wa zambarau juu kidogo ya kisigino, ambao ulififia na kurudi. Masika yalipoanza mwezi Machi, mtoto alilowa siku moja tangu shuleni hadi nyumbani. Vanishi ya nje iligeuka nyeupe kama ukungu wakati wa kulowa, ikarudi wazi ilipokauka, lakini sehemu ya mbele ilibanduka mahali padogo ukubwa wa ukucha, na ule mstari wa kisigino cha kushoto ukawa doa kamili. Viatu vilirudi kwangu. Nilipofungua kipande cha mbuzi nilikuta nimekibandika chini ya mshono wa ukingo badala ya kuuvuka. Uzi wa mshono, uliokuwa umelowa rangi tangu Ijumaa ile ya kwanza, ulikuwa ukinyonya maji kutoka nje na kuyaleta ndani yakiwa na rangi, mithili ya utambi wa taa.

Nilibandika kipande kirefu zaidi kilichovuka mshono na kukunjwa juu ya ukingo, na kurekebisha mbele. Viatu vilimaliza muhula wa kwanza bila malalamiko. Soksi za Januari hazikuokoka: mama alizitia katika dawa ya klorini, na zikawa za manjano huku madoa yakibaki, kwa maana nailoni na mpira wa soksi haupatani na klorini.

Uchambuzi

Watu wengi wanaoleta viatu vinavyochuja huuliza swali moja, "Nipake nini juu yake?" Kisa hiki kinaonyesha kwamba swali hilo huja mapema mno. Dawa mbili kati ya tatu za nyumbani zilikuwa za kufunika, na zote mbili ziliwekwa juu ya unga uliolegea. Kiwi ya kopo ina kiyeyushi ndani yake, ambacho ndicho huifanya nta ipakike, na kiyeyushi hicho kililegeza rangi na kuichanganya na nta, ndiyo maana weusi ulizidi badala ya kupungua. Vanishi ya mbao ilifunga kweli, na ikashindwa kwa sababu nyingine kabisa: mbao haikunjwi mara elfu kadhaa kwa siku, nayo vanishi yake imetengenezwa iwe ngumu. Seremala alikuwa sahihi juu ya kanuni na akakosea juu ya kifaa.

Chumvi na siki zinastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo zaidi na kwa kuwa bibi yule hakuwa mjinga. Kila mwanamke wa pwani anajua kanga mpya huchuja, na wengi huiloweka katika maji ya chumvi kabla ya kuifua mara ya kwanza. Katika upakaji rangi wa pamba, chumvi ina kazi ya kweli: ikiwa ndani ya maji ya rangi, huisukuma rangi iende kwenye nyuzi badala ya kubaki majini. Kazi hiyo hufanyika wakati rangi inaingia, si baada ya kukauka. Siki nayo ina ukoo wa heshima, kwa sababu asidi husaidia rangi fulani kushika katika sufu na hariri, ambazo ni protini, na ngozi pia ni protini. Hata katika viwanda vya ngozi rangi hufungwa kwa asidi, kwa kawaida ya fomiki, ndani ya pipa kubwa linalozunguka likiwa na maji ya moto ya kadiri. Tofauti ni kwamba pale ngozi bado haijawa kiatu, rangi ni ya maji inayokubali asidi, na kila uzi wa ngozi umelowa. Kitambaa chenye siki juu ya kiatu kilichokauka, chenye rangi ya spiriti iliyolala juu ya utando wa plastiki, hakina kati ya hayo hata moja. Kilichofanya kitambaa cha mama kiwe cheusi kilikuwa maji na msuguo tu. Kama angeendelea kusugua kwa kitambaa kisafi na kuacha chumvi kando, angekuwa ameanza njia sahihi bila kujua.

Lililofaulu zaidi katika kazi yetu ni kutoa ziada, na kama ningelazimika kubakiza hatua moja tu kati ya zote ningebakiza ile ya vitambaa saba. Vanishi ilisaidia, lakini ubavuni, mahali ambapo utando wa kiwandani haukuwepo na rangi ilizama tangu mwanzo, kitambaa kilikuwa karibu kisafi hata kabla ya vanishi. Vilevile uchaguzi wa vanishi ya maji juu ya rangi ya spiriti ulikuwa wa lazima. Nimewahi kufanya kinyume, miaka iliyopita, kwa vanishi ya thina juu ya kiatu chekundu, na brashi yangu ilibeba wekundu wote na kuuandika upya kwa mistari.

Yaliyoshindwa upande wetu ni mawili. La mshono nimekwisha kulitaja: nilijaribu ngozi kila mahali na sikujaribu uzi hata mara moja, ingawa uzi wa pamba hunywa rangi kuliko ngozi yenyewe. Sasa hubana kitambaa chenye unyevu juu ya mshono kwa dakika nzima na kukitazama. La pili ni lile la mbele ya kiatu. Nilipotazama tena mahali palipobanduka wakati wa masika, niliona chini yake kuna mng'ao kidogo, yaani utando wa kiwandani haukuwa umetoka wote karibu na ukingo wa soli. Nilijaribu tone la maji katikati, nikaridhika, na sikulijaribu pembeni, ambako asetoni huwa nahofia kuisogeza kwa sababu huyeyusha gundi ya soli. Hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Nilichopaswa kufanya ni kutumia msasa laini kabisa pale pembeni badala ya asetoni.

Kwa upande wa mama, uamuzi uliomgharimu zaidi ulikuwa mdogo kuliko yote machoni pake: kupaka ndani. Mbele ya kiatu ilichafua mikono, lakini ndani ndiko kulikomtoa mtoto mstarini. Bitana haionekani mtu akiwa amevaa kiatu, hukaa na jasho saa nane kwa siku, na haina utando wa kuizuia rangi isitoke. Kama kungekuwa na utepe wa karatasi umebandikwa kwenye ukingo siku ile ya Ijumaa, kisa hiki kingekuwa cha kurasa mbili, tena cha shati tu.

Mwezi Julai viatu vilikuwa vimembana mtoto, na mama alivileta kwa mara ya mwisho ili vikaguliwe kabla ya kupewa binamu yake mdogo. Nilisugua misuguo 10 kila mahali, pamoja na kwenye mishono, nikampa vitambaa vyenyewe aende navyo nyumbani. Alivitazama kimoja kimoja mlangoni, kisha akaniuliza kama rangi ya bluu ingeshika kwenye viatu vyake vya satini vya harusi ya mdogo wake. Nikamwambia avilete kwanza nione kitambaa chake ni cha nini, na asipake kitu.